AFYA NYUMBANI: Wiki Sita za Subira

Katika nchi ya Wamasaba huko Mbale, kila mwaka wa shufwa, imbalu hufunguliwa Mutoto mwezi wa Agosti. Kijana hutahiriwa akiwa amesimama wima mbele ya ukoo wake, bila kupepesa jicho. Kwa Wasoga wa Jinja mila hiyo haiko. Lakini kambini na katika nyumba za polisi watu wa makabila yote huishi pamoja, na tohara imekuwa jambo la afya ya wote.

Utafiti uliofanywa Rakai kwa wanaume karibu 5,000, na mwingine wa Kisumu, Kenya, ulionyesha kwamba tohara hupunguza kwa kadiri ya nusu hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke. Ngozi ya ndani ya govi ni laini, na virusi huipenya kwa urahisi. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara ya hiari, na mwaka 2010 Uganda ikatoa sera yake.

Hata hivyo, kupunguza si kuondoa. Aliyetahiriwa bado anahitaji kondomu, kupimwa damu na uaminifu.

Linalosahauliwa mara nyingi ni kidonda. Mganga huagiza wiki sita bila tendo la ndoa. Askari mwenye ruhusa ya siku chache huliona agizo hilo kuwa zito, hasa kidonda kinapoonekana kimefunga kwa juu. Lakini kidonda kisichopona ni mlango wa virusi. Utafiti mwingine wa Rakai, uliochapishwa mwaka 2009, uliwahusu wanaume waliokwisha kuwa na virusi. Tohara yao haikuwakinga wake zao, na dalili zilionyesha hatari kubwa zaidi kwa wake wa wale wasiongoja kupona.

Kwa hiyo mke asifichwe jambo hili. Yafaa mume na mke waende hospitali pamoja, wapimwe wote wawili, wasikie maagizo kwa masikio yao, na wachague siku iliyo mbali na ruhusa. Kidonda kisitiwe majivu wala majani, maana huweza kuleta pepopunda. Ikitokea homa, usaha au damu isiyokatika, mgonjwa arudi hospitali siku iyo hiyo.

Ujasiri wa Mutoto huonekana kwa dakika chache. Huu mwingine hudumu wiki sita, na anayeushuhudia ni mke peke yake.