Kipande Bila Maelezo ni Takataka

Kuna ugonjwa umewapata vijana wetu wanaojifunza kuunda tovuti na vifaa vya elektroniki. Mtu ana folda ndani ya folda: "muhimu", "muhimu2", "muhimu_mpya_kabisa". Humo kajaza vipande vya msimbo (msimbo, jamani, maana ukisema kodi mwenye nyumba anasikia): menyu ya simu, fomu ya kujisajili, kusoma kihisi cha joto, kuwasha taa. Muulize kimojawapo kinafanyaje kazi. "Aa, kinafanya kazi tu." Mimi huko siuiti kukusanya. Ni kuzoa.

Mtaniuliza haya yanamhusu nini mpenzi wa mashairi. Yanamhusu, kwa sababu kazi hii sisi tunaijua tangu zamani. Tungo za Muyaka wa Mombasa hazikutufikia kwa kunakiliwa tu. Mmisionari W. E. Taylor alizikusanya karne ya 19 akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, na thamani ya Sikujua haikuwa mwandiko peke yake. Alijua neno hili lina maana gani na ubeti ule unamlenga nani. Ondoa ujuzi huo, nusu ya diwani inabaki mafumbo.

Sasa tazama mistari hii miwili, ya kupima muda kwenye bodi ya Arduino:

millis() >= mwisho + muda
millis() - mwisho >= muda

Kwa hesabu za shuleni ni kitu kimoja. Kwenye bodi sicho. Saa ile huhesabu milisekunde hadi 4,294,967,295 kisha hurudi sifuri, yaani baada ya siku 49.7 hivi. Mstari wa pili, ukitumia namba zisizo na hasi, hupita hapo salama. Wa kwanza unavurugika, na pampu ya kitalu cha nyanya inaweza kuwaka kabla ya zamu yake. Ukivijaribu mezani kwa wiki nzima, vyote viwili "vinafanya kazi tu". Tofauti yake ni mpangilio wa maneno, bwana, na nani anayejua mpangilio wa maneno kuliko ninyi?

Kuna pia kipande cha kupima umbali kwa HC-SR04. Msimbo unaweza kuwa uleule, lakini kihisi kile kikipewa volti 5 hurudisha volti 5. Arduino Uno inazipokea bila shida. ESP32 ni bodi ya volti 3.3, na pini yake inaweza kuungua. Aliyehifadhi kipande bila kutaja bodi kamhifadhia mwenzake hasara.

Upande wa tovuti ni hatari zaidi. Bado watu wanapeana vipande vya PHP vyenye mysql_query, kazi iliyoondolewa tangu PHP 7 ya mwaka 2015, tena jina la mtumiaji limeunganishwa moja kwa moja kwenye amri ya hifadhidata. Mwenye nia mbaya anaandika amri mahali pa jina, na orodha ya wagonjwa wa zahanati iko mikononi mwake. Tarehe moja juu ya kipande ingetosha kumshtua msomaji.

Ati hakuna muda, mteja anasubiri. Mistari minne tu! Kimetoka wapi, lini, kwa bodi au toleo gani, na kwa nini kimeandikwa hivyo. Na iandikwe kwa Kiswahili, ili fundi atakayekirithi asilazimike kubahatisha.

Vijana wanaonijia kuomba vipande vyangu nawapa kwa sharti: kwanza wanieleze kwa maandishi vile walivyonavyo. Wengi hawarudi. Mmoja aliondoka na faili 80, akarudi na 6.