Wakati wa baridi tuleteeni pia vitabu vya joto

Vijana wenzangu, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma humu, leo naongea juu ya vitabu. Si vya shule. Naongea juu ya vile ambavyo mtu anaingia navyo ndani ya blanketi saa moja ya usiku, wakati baridi ya Dowa imeshaanza kuuma vidole.

Watu wa mbali hawaamini kwamba Dzaleka kuna baridi. Kwao Afrika ni jua tu. Basi waje Juni au Julai. Upepo unapita chini ya mlango, usiku inaweza kushuka chini ya nyuzi 10, makala inapanda bei, na mbabula inazimwa mapema ili kidogo kibaki cha uji wa asubuhi. Wenzetu wa Minembwe na Masisi hawashangai, wao walizaliwa kwenye baridi ya milima. Sisi wa kando ya ziwa, wa Uvira na Baraka, ndio tunaolia.

Na miezi hiyohiyo ndiyo watu wanasoma sana. Mimi najitolea kwenye kabati la vitabu la kikundi chetu, kwa hiyo naona nani anachukua nini. Usiku ni mrefu, hakuna anayekaa nje kupiga stori, simu haina chaji. Mtu anakuja kabla jua halijazama anasema: kaka, nipe kitabu kitamu. Neno ni hilo, kitamu. Bado sijasikia mtu akisema nipe kitabu kinachojenga uwezo wa vijana.

Sasa shida iko hapa. Vitabu vya hadithi tunavyoletewa, vingi vimechaguliwa kwa huruma. Vita, kukimbia, mtumbwi unazama, kambi. Mtumishi mmoja wa shirika aliwahi kunieleza kwamba vijana wanahitaji kujiona ndani ya kitabu. Sikumbishia, maana nusu ya maneno yake ni kweli. When Stars Are Scattered, kile cha michoro cha mwaka 2020 ambacho Omar Mohamed na Victoria Jamieson wameandika juu ya Omar mwenyewe na mdogo wake Hassan kukulia Dadaab, kinapendwa sana, na mimi nakipenda. Ila kabati zima likiwa la kukimbia tu, hapo tunakosana. Dada mmoja alinirudishia kitabu cha namna hiyo siku ya pili, akasema, "Hiki nakijua tayari." Hakukifika hata katikati. Unamjibu nini?

Msimamo wangu ni huu: kijana mkimbizi ana haki ya kusoma hadithi ambayo ndani yake nyumba haichomwi. Hadithi ya jiko, ya dada wanaogombania chumba, ya mtu anayepika keki ikaungua, ya mvulana anayeogopa kumsalimia msichana. Huko ughaibuni wanazo nyingi, na wanazisoma hasa majira yao ya baridi. Ni za vijana wa umri wetu. Sisi hatuletewi kwa sababu mtu ameamua kwamba hazituhusu.

Wapo pia vijana wenzetu wanaopinga, tena kwa ukali. Wanasema hayo ni mambo ya Wazungu, theluji na kakao ya moto, yanamsaidia nini mtu anayelala na wadogo zake watatu chini ya blanketi moja? Yanamtia uchungu tu. (Kuhusu theluji, muulizeni mtu yeyote wa Beni. Rwenzori inaonekana, siku mawingu yakifunguka, na weupe ule juu si chumvi.) Lakini hoja yenyewe nzito, na sitaki kuipita haraka. Kuna siku tumbo likiwa tupu hutaki kumsoma mtu anakula keki. Tangu mgao ulivyopungua siku hizo zimeongezeka. Siku kama hizo funga kitabu, hakuna atakayekulaumu.

Ila wengi wanaopinga hawajavifungua. Chukua Little Women cha Louisa May Alcott, cha mwaka 1868. Ni dada wanne, Meg, Jo, Beth na Amy. Kinaanza Krismasi imekaribia na hakuna zawadi, kwa sababu pesa hakuna na baba yuko vitani. Asubuhi ya sikukuu mama yao anarudi na habari ya familia ya Wajerumani waliohamia Marekani: mtoto mchanga, wengine sita wamebanana kitanda kimoja, hakuna moto wala chakula. Wale wasichana, ambao wenyewe wana njaa, wanabeba chai yao na mikate yao wanaipeleka huko. Eti hiki ni kitabu cha watu walioshiba! Na baadaye nyumba hiyohiyo waliyoisaidia ndiko Beth anakopata ugonjwa. Sisemi zaidi, kuna watu bado hawajafika hapo.

Au The Lion, the Witch and the Wardrobe, cha C. S. Lewis, 1950. Kila mtu anakumbuka simba. Mimi nakumbuka makoti. Wale watoto wanne wametolewa London kwa sababu ya mabomu, wamepelekwa kwenye nyumba ya mzee wasiyemjua. Wanapoingia kwenye nchi ya theluji kupitia kabati, wanasikia baridi, wanachukua makoti ya manyoya yaliyokuwa yametundikwa humo. Si ya kwao na ni makubwa mno, yanawafika visiginoni. Nilipowasomea wadogo sehemu ile mmoja akapiga kelele: kaunjika! Walicheka mpaka nikaacha kusoma. Nani kati yetu hajawahi kuvaa koti la mtu asiyemjua, mikono inafunika vidole, na bado likampa joto?

Lakini kama ningeruhusiwa kuleta kimoja tu kambini, ni Anne of Green Gables cha L. M. Montgomery, mwaka 1908. Kaka na dada yake, Matthew na Marilla, watu wazima wasio na watoto, wakulima wa Kisiwa cha Prince Edward huko Kanada, wanaagiza mvulana yatima wa kuwasaidia shambani. Ujumbe unapotoshwa njiani, wanaletewa msichana wa miaka 11, mwembamba, nywele nyekundu, mdomo haunyamazi. Yuko stesheni amekaa anangoja, anaamini anatakiwa. Sisi tunaosubiri faili zetu tunajua ina maana gani kufika mahali ambapo hawakukuomba wewe. Montgomery hakuandika juu ya wakimbizi, lakini sura zile za mwanzo wasichana wetu wanazisoma kimya kabisa.

Halafu kuna usiku mmoja wa Januari. Wakubwa wamesafiri kwenda kumwona waziri mkuu mjini, na mdogo wa rafiki yake Anne anabanwa na kifua, hapumui vizuri. Matthew anakwenda kutafuta daktari. Anne anabaki, anachochea moto, anachemsha maji, anampa mtoto dawa kidogokidogo mpaka alfajiri. Daktari anafika mwishoni na kusema ni huyu msichana aliyemwokoa. Alijifunzia wapi? Zamani aliwekwa kwenye nyumba ya watu waliozaa mapacha mara tatu, na kazi ya kulea ilikuwa yake. Yani utoto aliopoteza kwa kulea watoto wa wengine, usiku ule ndio unampa heshima. Hapa kambini kuna wasichana wa miaka 13 wanaojua kumpoza mtoto mwenye malaria kuliko mimi na cheti changu cha sekondari. Hakuna semina iliyowahi kuwaambia jambo hilo vizuri kama kile kitabu, na hakikukusudia kuwaambia.

Kuna vyepesi pia. Let It Snow, cha waandishi watatu, John Green, Maureen Johnson na Lauren Myracle, 2008: treni inakwama kwenye theluji mkesha wa Krismasi na vijana wanapendana kwa haraka isiyoaminika. Si kitabu kikubwa. Lakini kinatembea nyumba hadi nyumba, jalada limeshatoka, na mimi nalihesabu hilo kuwa ni sifa.

Tatizo la kweli ni lugha. Wengi wetu tulianza shule kwa Kifaransa, tukafika Malawi tukakuta Kiingereza, na nyumbani ni Kiswahili. Kusoma kurasa 300 za Kiingereza cha mwaka 1908 ni kazi, si joto. Tunachofanya ni kusoma kwa sauti: mmoja anasoma aya, anaigeuza kwa Kiswahili chetu cha Kongo, wengine wanamsahihisha na kumcheka. Mtu anayeona huo ni usomaji wa daraja la pili amsome Hanako Muraoka. Mwaka 1939 mmisionari wa Kanada aliyekuwa anaondoka Japani alimwachia Anne of Green Gables. Akakitafsiri kimyakimya vita ikiendelea, wakati Kiingereza kilikuwa lugha ya adui. Kilichapishwa 1952, na Wajapani wanakipenda mpaka leo. Alice wa Lewis Carroll naye yupo kwa Kiswahili, Ida Hadjivayanis alimtafsiri upya mwaka 2015, kinaitwa Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Kwa hiyo inawezekana. Anne wa Kiswahili sijamwona kwenye boksi lolote.

Na si lazima theluji. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale wa mwaka 1960, ana kiko chake, rafiki yake Najum, na akili isiyotishwa na mizimu. Ndiyo, mtu ameuawa, lakini unalala vizuri ukijua Bwana Msa yuko kazini. Kiswahili chake cha Unguja kinatushinda mahali fulani, tunauliza wazee, mzee naye anakaa kusikiliza, mara mbabula inawashwa tena.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, ninachoomba si kikubwa. Mkiandaa boksi la vijana, ulizeni kwanza watoto wenu wa umri huohuo wanasoma nini usiku, mtie hivyo pia. Vitabu vya baridi msivilete Desemba. Desemba hapa ni mvua na joto, mabati yanavuja, na tumepoteza vingi kwa maji. Leteni Mei. Na badala ya vitabu 40 tofauti, leteni 8 kwa nakala tanotano, maana kitabu kimoja peke yake hakizungumzwi na mtu. Tukipata na taa mbili za sola za kuazimisha pamoja navyo, hatutalalamika.

Kwa vijana: tunasoma Jumatano na Ijumaa saa kumi na nusu, mlango wa nyuma ya uwanja. Njoo na blanketi lako. Little Women yetu haina kurasa za mwisho na tumebaki sura tano tufike hapo, kwa hiyo aliye na nakala nyumbani kwake, hata kama aliichukua mwaka juzi, airudishe tu. Hatuulizi.