Himalayan 411 au 450? Kwa nini siku hizi simsukumii mteja toleo jipya

Wiki iliyopita, saa tano usiku, meseji ikaingia: "Kaka habari, kati ya Himalayan ya zamani na hii mpya nichukue ipi? Nataka ya kusafiria."

Hata kama huuzi pikipiki, meseji hiyo unaijua. Kwenye simu inakuja, kwenye blenda inakuja, kwenye cherehani inakuja. Na wengi wetu jibu tunalo mdomoni kabla mtu hajamaliza kuandika: chukua mpya boss, mpya ndiyo habari ya mjini.

Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nauza pikipiki za safari mtandaoni. Siyo zangu, mi namkutanisha mwenye chuma na mwenye hela, napata changu katikati. Kwenye mpya changu kinakuwa kinono zaidi, kwa hiyo unaweza kujua nilikuwa nawashauri nini watu.

Sasa mwaka jana nikampata kijana mmoja anauza viatu vya mtumba mtandaoni, mpambanaji kama nyie. Alikuwa na ndoto ya kuizunguka nchi kwa pikipiki, na kaweka hela muda mrefu. Nilikuwa na mbili: 411 iliyotunzwa vizuri, na 450 iliyotumika kidogo sana. Tofauti ya bei ilizidi milioni 4. Moyo wake ulikuwa kwenye 411, nililiona hilo wazi. Nikamtumia video ya ile skrini ya duara inayoonyesha ramani, nikamwambia "ukichukua ya zamani utajuta". Akachukua mpya.

Kumbe ile milioni 4 na kitu ilikuwa hela ya mabelo ya viatu. Sikumuuliza na yeye hakusema. Miezi mitano baadaye karudi inboksi: kaka niuzie hii pikipiki, mtaji umekata. Safari ya mbali aliyokuwa amefika nayo ni Bagamoyo. Tukaiuza kwa hasara, na kwenye mauzo hayo ya pili nikachukua changu tena. Yaani nimekula mara mbili kwa mtu yule yule.

Tangu hapo nikakaa chini nikajifunza hasa ninachouza. Ngoja niwape kwa kifupi, maana hapa ndipo wauzaji wengi tunadanganya bila hata kujua.

411 ilitoka India mwaka 2016, 450 ikaingia mwishoni mwa 2023 kuchukua nafasi yake. Ya zamani ina injini ya cc 411, silinda moja, inapozwa na upepo na oili, nguvu za farasi 24 na kidogo, gia 5, tangi lita 15. Mpya ni cc 452, inapozwa na maji, farasi 40, gia 6, tangi lita 17. Uzito wa mpya ni kilo 196, ya zamani 199. Kwenye karatasi mchezo umeisha hapo, mpya imeshinda kila mstari.

Lakini mteja haendeshi karatasi. Nguvu ya 411 ni ndogo, sawa, ila mvuto wake unapatikana chini, kwenye mizunguko 4,000 hivi. Ile ya 450 mvuto wake mkubwa unaupata kwenye 5,500, na farasi wote 40 mpaka ufike 8,000. Kwa mtu anayetembea barabara ya vumbi na mabegi nyuma, spidi 50 mpaka 70, siku nzima, ya zamani haimpungukii kitu. Inatembea polepole kama punda na haikuchoshi.

Halafu kuna fundi. Kwenye 411 mafuta yanavutwa kwa waya wa kawaida kutoka mkononi. Kwenye 450 mkono wako unatuma umeme, kompyuta ndiyo inafungua. Valvu za 411 unarekebisha kwa nati na skrubu, fundi mwenye spana na geji anaziweka sawa chini ya mwembe. Za 450 ziko chini ya kemshafti mbili na zinataka vibati vya vipimo maalumu, kwa hiyo ukiwa Mpanda unahitaji mtu aliyezizoea, na vibati vyenyewe. Sisemi kwamba mpya ni mbovu, isije ikawa nongwa. Rejeta, feni na maji ni vitu vya kawaida duniani. Ila ni vitu zaidi vya kulinda na mawe, na ukiwa mbali na mji kila kitu cha ziada kinadai mtu wa kukijua.

Spea nazo. Injini ya 411 imefungwa pia kwenye Scram 411, kwa hiyo vipuri vya ndani vinaingiliana, na miaka yote hiyo India imetoa nyingi. Mimi mwenyewe naagiza bredi za breki na waya za klachi za 411. Za 450 naagiza mtu akishalipa, maana wenye 450 ninaowajua mimi nawahesabu kwa vidole.

Na kuna mtu ambaye 450 ndiyo yake kabisa, huyo nisimfiche. Anayebeba mke nyuma, mabegi mawili pembeni, lami tupu kutoka Dar mpaka Mbeya, kilomita zaidi ya 800, na hataki kulala njiani mara mbili. Mpandishe Kitonga na 411 akiwa nyuma ya lori, na nyuma yake kuna basi linamsukuma. Pale farasi 24 unaziona kweli ni chache, unashindwa kulipita lori kwa uhakika. Shokapu za mbele za mpya nazo ziko vizuri zaidi, sina ubishi. Mtu huyo akiniambia hela yake haiumi, namuuzia mpya na usingizi napata.

Sasa kuna jambo moja linaniuma kwa wenzangu tunaouza kitu hiki hiki. Tunaandika "Himalayan old model, chuma safi, njoo inboksi." Old model ipi? Za mwaka wa kwanza zilikuwa na kabureta, ikaja ya kupuliza mafuta kwa umeme. Kule India za mwanzo hazikuwa na ABS, ilianza kuja 2018. Baadaye ikaja yenye kitufe cha kuzima ABS ya nyuma, kitu ambacho mtu wa vumbi anakitafuta. Hizo zote kwenye tangazo ni "old model" na picha zinafanana. Mteja akija kutoka mkoani na nauli yake akakuta siyo aliyoifikiria, ubaya ni wako, siyo wa pikipiki.

Mimi siku hizi kwenye tangazo naandika mwaka, kabureta au siyo, ABS ipo au haipo, urefu wa siti (milimita 800 kwa ya zamani, 825 kwa mpya, na watu wafupi wananishukuru kweli kwa hili). Natangaza kitu nilichokiona kwa macho, nikishakiwasha kikiwa cha baridi. Wenzangu wananicheka kwamba naandika gazeti. Sawa, lakini wanaopiga simu sasa hivi wanapiga wakiwa wameshaamua nusu.

Turudi kwa yule wa saa tano usiku. Sikumjibu ipi. Nilimuuliza maswali manne: unaenda wapi, unabeba nani, fundi wako ni nani, na hela hii ukishaitoa inabaki nini? Kwenye la mwisho alikaa kimya dakika kama ishirini, nikajua nimempoteza. Kisha akaandika. Ni mwalimu, yuko Iringa, anataka likizo apite Mbeya, Sumbawanga, mpaka Mpanda, peke yake. Ana fundi wa bodaboda anayemwamini. Na ikitoka hela ya mpya, inabaki sifuri, hata ya helmeti nzuri haipo.

Nikamwambia chukua 411, hiyo tofauti nunua helmeti, buti, mabegi yasiyopitisha maji, tairi mpya na tiubu mbili za akiba, na bado utakuwa na ya mafuta. Alikuja Jumamosi, kaikagua na huyo fundi wake aliyepanda naye basi kutoka Iringa, wamekaa chini ya pikipiki saa nzima mpaka mwenye mali akaanza kununa. Wakalipa. Changu kilikuwa kidogo, kusema kweli hakikufika nusu ya ambacho ningepata kwenye ile nyingine. Ila keshaniunganisha na walimu wenzake wawili, na mmoja ananisumbua kila siku kuhusu siti.

Yule kijana wa viatu nilimtafuta juzi. Karudi sokoni kidogo kidogo, anapost jozi tano tano. Nikamrudishia ile hela ya mauzo ya pili. Ya kwanza nilishaila.