Laki tano walioitikia wito, nasi tuliobaki nje

Baina ya mwaka 2006 na 2010 barua zipatazo milioni 9.2 zilipelekwa kwa wakaazi wa Uingereza wenye umri wa miaka 40 hadi 69, zikiwaalika kwenye utafiti wa afya uitwao UK Biobank. Majina yalitoka kwenye daftari la NHS, na walioandikiwa ni wale wanaoishi karibu na vituo 22 vya kupimia. Waliokubali ni laki tano na ushei. Katika kila mia, hawafiki sita.

Hao walitoa damu, mkojo na mate, wakapimwa presha na nguvu za mikono, wakaulizwa masuali marefu juu ya chakula, sigara na maradhi ya wazazi wao. Kisha wakarudi makwao. Kufuatwa kwao hakuhitaji mtu kubisha hodi: akilazwa, akigunduliwa saratani au akifariki, khabari hufika kwa watafiti kupitia kumbukumbu za NHS, kwa idhini aliyoitia saini siku ile. Na akitaka kujitoa, hajitolei sababu. Kwa mpango huu hatuna kasoro ya kutaja.

Kadhia iko mlangoni. Zaidi ya asilimia 94 ya waliojiunga ni Wazungu. Tena, watafiti walieleza mwaka 2017 kwamba waliojiunga huvuta sigara kidogo, hawakai sana kwenye mitaa ya kimaskini, na hufa kwa uchache kuliko wenzao wa rika moja. Watetezi wanasema wingi wa watu unatosha kuonesha kipi kinasababisha nini, hata kama hautufai kuhesabu wagonjwa wa nchi nzima. Hoja hiyo ina uzito, ila inakwama pale sababu yenyewe inapokuwa haba katika damu iliyokusanywa.

Chukueni kisukari, maradhi yasiyokosekana katika nyumba zetu. Mwaka huohuo wa 2017 watafiti wengine, waliochanganya watu wa asili mbalimbali, Waafrika wakiwemo, walitangaza kuwa aina moja ya jeni ya G6PD, iliyoenea kwa wenye asili ya Afrika kwa kuwa inakinga malaria, hushusha kipimo cha HbA1c. Mtu huambiwa ni mzima, naye sukari inamla. Wangekuwa Wazungu watupu, nani angeliona hilo?

Tusijifiche lakini. Wengi wetu huhama nyumba kila mara, na asiye na makaratasi kamili huiogopa bahasha yoyote ya serikali. (Na kwenye fomu ya kabila, Mzanzibari mwenye babu Mshihiri na bibi Mmanyema ajaze kisanduku kipi?) Sasa uko utafiti mwengine, Our Future Health, unaoandikisha watu kuanzia miaka 18 kwa lengo la kufikia milioni 5. Kampuni za dawa zimetia fedha humo. Mwenye kualikwa ana haki ya kuuliza damu yake itatumiwa na nani, na jumuiya zetu ziwaite wahusika waje kujibu, kwa Kiswahili, mbele ya wazee.