Akili ya Mtoto Haipimwi Mara Moja

Hapa Bugarama kuna neno ambalo wazazi hulisema upesi mno. Neno hilo ni "huyu hana akili." Mtoto akishika nafasi ya mwisho darasani, huambiwa hivyo. Akirudia darasa, huambiwa tena. Baada ya hapo hununuliwa jembe, au hukabidhiwa mbuzi awachunge. Daftari halinunuliwi tena. Akiwa msichana, neno hilo humfikia mapema zaidi. Mimi nalipinga neno hilo, na leo nitaeleza sababu.

Kwanza tujiulize, akili hupimwaje? Mahindi tunayapima kwa debe. Mtoto mchanga tunampima kwa mizani. Akili haina debe wala mizani. Anayetaka kuipima huuliza maswali, kisha huhesabu majibu. Basi anachopata ni majibu ya siku ile, kwa maswali yale, katika lugha ile. Mtoto wa hapa kwetu nyumbani husema Kihangaza au Kishubi. Shuleni huulizwa kwa Kiswahili. Akinyamaza, je, hajui jibu au hajaelewa swali?

Vipimo vya namna hii vilianza kutumika Paris, Ufaransa, mwaka 1905. Waliovitunga ni Alfred Binet na Théodore Simon. Walitaka kuwatambua watoto wanaohitaji kusaidiwa zaidi katika masomo. Angalia vizuri: kusaidiwa, siyo kufukuzwa. Binet mwenyewe aliamini kuwa akili ya mtoto huweza kukuzwa kwa mafunzo.

Lakini wengine waligeuza kipimo kuwa fimbo. Katika miaka ya 1930, daktari Mzungu huko Kenya, H. L. Gordon, alipima vichwa vya Waafrika. Akadai kuwa ubongo wetu ni mdogo na akili yetu ni pungufu. Yeye na wenzake waliomba fedha Uingereza ili waendelee na uchunguzi huo. Hawakupewa. Kama akili ingekuwa ukubwa wa kichwa, basi kibuyu kikubwa kingekuwa na busara kuliko kidogo!

Sasa twende Bagamoyo, hapa hapa Tanzania. Watafiti, wakiwemo Robert Sternberg na Elena Grigorenko, waliwapima watoto zaidi ya 300 wa shule za vijijini. Watoto hao walikuwa na umri wa miaka 11 hadi 13. Matokeo yalitolewa mwaka 2002. Watafiti hao walifanya jambo la maana. Waliwauliza watoto maswali mara ya kwanza. Kisha wakawafundisha kwa muda mfupi, usiofika saa moja, namna ya kufikiri juu ya maswali ya aina ile. Halafu wakawapima tena.

Ilikuwaje? Watoto walijibu vizuri zaidi. Tena, aliyekuwa nyuma mara ya kwanza hakuwa lazima awe nyuma mara ya pili. Wengine waliwapita waliokuwa mbele yao. Kipimo cha kwanza peke yake kingewaficha watoto hao.

Akina mama mnalijua jambo hili. Mnapomleta mtoto kliniki, hatumwamui kwa uzito wa siku moja. Tunaandika kwenye kadi kila mwezi, tunatazama kama mstari unapanda. Mtoto mdogo ambaye mstari wake unapanda hatutii wasiwasi sana. Mbona basi kwa akili mnatosheka na mtihani mmoja?

Kuna habari nyingine, ya Usenge, kijiji cha Kenya kando ya Ziwa Viktoria. Watoto wa huko waliulizwa juu ya miti shamba: jani hili linatibu nini, mzizi ule unatumiwaje. Waliojua sana miti shamba, mara nyingi ndio waliopata alama za chini katika maswali ya kishule. Mimi ni mganga wa zahanati, na sikubali kila dawa ya mizizi. Lakini mtoto anayekumbuka majani mengi na kazi zake, huwezi kuniambia hana akili. Nguvu zake amezitumia kwa kile kinachoheshimiwa nyumbani kwao.

Sasa nisemee kazi yangu. Mara nyingi linaloitwa ujinga ni ugonjwa. Uchunguzi mwingine uliofanywa kwa wanafunzi wa Tanzania, na kutolewa pia mwaka 2002, ulihusu kichocho. Watoto wenye kichocho kingi walikuwa wazito wa kukumbuka na wa kuitikia. Huko Kilifi, Kenya, imeonekana kuwa baadhi ya watoto waliopona malaria kali iliyopanda kichwani hubaki na shida ya kusema au ya kukumbuka. Minyoo hunyonya damu, na mtoto mwenye upungufu wa damu husinzia darasani. Mwingine haoni ubao. Mwingine sikio lake linatoa usaha tangu mwaka jana, hamsikii mwalimu.

Na kuna chumvi. Mama mjamzito akikosa madini joto, ubongo wa mtoto hudhurika kabla hajazaliwa. Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1980 serikali iligawa vidonge vya madini joto katika wilaya zilizokuwa na rovu nyingi. Baadaye ikasisitizwa chumvi yenye madini joto. Mnaponunua chumvi gulioni, ulizeni hiyo, na iwekeni kwenye chombo chenye kifuniko.

Sisemi kwamba dawa humfundisha mtoto hesabu. Akishapona, lazima afundishwe, tena kwa uvumilivu. Wapo pia watoto wenye ulemavu wa akili kweli. Hao nao ni wetu, na wana haki ya kufundishwa wanachoweza.

Kwa hiyo mzazi, kabla hujamtoa mtoto shuleni, mlete zahanati. Tutatazama damu, choo, mkojo, macho na masikio. Mwombe mwalimu amkalishe mbele kwa muhula mmoja. Tunza daftari lake la mwanzo wa muhula na la mwisho wa muhula. Yalete yote mawili, pamoja na kadi ya kliniki kama bado unayo, tuyatazame pamoja.