KUPUNGUZIWA BEI SI MSHAHARA



Wako wafanya biashara wanaotutafuta sisi waalimu kwa jina la kazi yetu. Mmoja asema, onyesha kitambulisho cha kazi upunguziwe bei. Mwingine asema, chukua makochi au jokofu leo, utakatwa kidogo kidogo katika mshahara. Wa tatu atugawia mfuko na kalamu bure, mradi tuketi tumsikilize. Chama hakina ugomvi na mtu apunguzaye bei. Mwalimu ana watoto wa kulisha kama watu wengine, na shilingi iliyookolewa ni shilingi. Lakini lipo jambo moja ambalo yatupasa kulisema wazi: hisani ya dukani isiingizwe kamwe katika hesabu ya mshahara.

Twalisema kwa sababu kila mara mshahara wa waalimu unapozungumzwa hakosekani mtu wa kuuliza, "Waalimu wataka nini tena? Wana likizo ndefu, wakopeshwa upesi, wapunguziwa bei, na watu wote wawaheshimu." Maneno haya yaonekana madogo, lakini yakiachwa yatakaa mezani pamoja na tajiri wetu siku ya mapatano.

Basi na tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yetu. Duka likikupunguzia asilimia 10, ili uokoe Sh. 1,000 ni lazima kwanza uwe na bidhaa za Sh. 10,000 za kununua. Mwenye nyingi huokoa nyingi, na asiye nacho haokoi kitu. Mwaka 2024 waalimu wa mafunzo ya kazini katika sekondari msingi waligoma, wakidai kuajiriwa kwa kudumu. Walikuwa wakilipwa Sh. 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Je, mtu wa namna hiyo, akiisha kulipa kodi ya nyumba na nauli, apunguziwe bei ya nini?

Sasa tazameni nyongeza ya Sh. 1,000 katika mshahara wa msingi. Kwa waalimu walio katika mfuko wa pensheni ya watumishi wa serikali ulioanza Januari 2021, mwalimu hutoa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi na serikali huongeza asilimia 15. Maana yake, nyongeza hiyo moja yaweka akiba ya Sh. 225 kila mwezi, yaani Sh. 2,700 kwa mwaka. Kwa miaka 20 ni Sh. 54,000, bila kuhesabu faida. Je, bei iliyopunguzwa yaweka nini katika pensheni? Haiweki hata senti. Siku utakapostaafu, hakuna atakayekuuliza ulipunguziwa bei mara ngapi.

Na bei nyingine zinazoitwa nafuu si nafuu. Mwenye duka ayapenda makato ya mshahara kwa sababu fedha yake haipotei: hulipwa kabla wewe hujaishika. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 imeweka mpaka kwamba makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Huo ni ukuta wa mwisho, ndugu, si alama ya kukimbilia. Mwalimu anayebakiwa na theluthi moja kwa sababu ya makochi ya bei nafuu amewafanyia kazi watu wawili, tajiri na mwenye duka.

Desturi hii ya kuwapunguzia waalimu bei imekomaa zaidi Marekani, basi na tuone imewafikisha wapi wenzetu wa huko. Maduka ya vitabu, nguo na kompyuta huwapunguzia bei, na serikali nayo ina punguzo lake la kodi. Tangu mwaka 2002 mwalimu aliruhusiwa kuondoa mpaka dola 250 katika mapato yake yanayotozwa kodi, kwa ajili ya vifaa vya darasa alivyonunua kwa fedha yake mwenyewe. Mwaka 2022 kiasi hicho kikawa dola 300. Lakini mwalimu anayetozwa asilimia 22 akitumia dola hizo 300 arudishiwa dola 66 tu. Zile 234 amelipa yeye, kwa kazi ya tajiri wake.

Punguzo hizo zote hazikuwazuia waalimu wa jimbo la West Virginia kugoma mwezi wa Februari mwaka 2018. Mshahara wao ulikuwa mdogo, na gharama ya bima ya matibabu ilikuwa ikipanda. Shule za wilaya zote 55 zilifungwa. Mwezi wa Machi walipata nyongeza ya asilimia 5, na watumishi wengine wa jimbo wakaipata pamoja nao. Nyongeza hiyo haikutoka dukani. Waliipata kwa kusimama pamoja.

Hapa Kenya nasi twajua njia hiyo ilivyo ndefu. Mwaka 1997, baada ya mgomo, serikali ilikubali kuongeza mishahara kwa asilimia 150 hadi 200. Ikalipa sehemu ya kwanza, kisha ikasita, na waalimu wakagoma tena mwaka 1998 na mwaka 2002. Mwaka 2015 mahakama ya kazi iliamua tupewe asilimia 50 hadi 60, na Mahakama ya Rufani ikaivunja hukumu hiyo mwaka huo huo. Tumeshinda na tumeshindwa. Lakini katika yote hayo tulikuwa na hati ya kushika mkononi na mahali pa kuipeleka. Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 champa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, na kukipa chama haki ya kufanya mapatano. Mwenye duka akifuta punguzo lake kesho asubuhi, utamshtaki wapi? Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kwa hiyo Chama chawashauri wanachama mambo matatu. Kwanza, ukipunguziwa bei, pokea, sema asante, uende zako. Pili, usitie sahihi karatasi ya makato kabla hujauliza bei ya fedha taslimu na kuilinganisha na jumla ya makato yote. Tatu, mtu akitaja punguzo na zawadi katika mkutano wa mishahara, asimame mwanachama mmoja aombe hesabu ya pensheni. Mjadala utarudi mahali pake.

Heshima twaipokea kwa furaha. Mshahara twaudai.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI