Usifungie karanga saini ya mtu

Leo tuongee juu ya makaratasi ya watoto, yale tunayofungia karanga ao kuwashia makaa. Mama mmoja aliuliza mkutanoni: kijana wake amejaza valizi nzima vitabu vya katuni, hizi tunazoita BD, na vingine vina saini za wachoraji. Je, ni mali ao ni uchafu?

Tuanzie Kinshasa. Kuanzia mwaka 1990 mchoraji Papa Mfumu'Eto alikuwa anatunga hadithi kwa Lingala, anazichora mwenyewe, anazichapisha kwa karatasi hafifu na kuziuza barabarani kwa bei ndogo. Hakungoja nyumba kubwa ya uchapaji. Hadithi yake moja ni ya mtu anayegeuka nyoka, anameza mwanamke, kisha anatapika pesa. Vijitabu vilipita mkono kwa mkono mpaka vikapasuka, na ndiyo sababu leo ni shida kuviona. Mwaka 2015 kazi zake zilionyeshwa Paris, kwenye Fondation Cartier, na makaratasi yake mengi yanatunzwa kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Ni vizuri yametunzwa. Lakini inauma kidogo kwamba nyumba zetu zilikuwa nayo kwanza.

Kwa hiyo, mama, kabla ya kuchoma, fungua. Angalia saini. Wachoraji wengi huchora jina lao ndani ya picha, na hilo linatoka kwa mashine, liko katika nakala zote. Saini ya mkono ni nyingine: pitisha kidole nyuma ya karatasi, mara nyingi utasikia alama ya biki. Ukikuta mchoraji ameongeza kapicha kadogo kwa mkono, basi karatasi hiyo haina mwenzake.

Mara nyingi mchoraji anaandika pia jina la mtoto: «kwa fulani». Mtu wa kununua anaweza kulipa kidogo sababu ya jina hilo. Kwangu mimi, hicho ndicho cha mwisho kuuza.

Msidanganyike lakini. Saini haifanyi kila kijitabu kuwa dhahabu, na pesa ya masomo isiguswe kwa ajili ya BD. Kijana anunue kwa pesa yake ndogo, na anunue kwa mchoraji mwenyewe, maana huyo anayejichapisha anakula kwa kile anachouza mkononi. Mtu wa sokoni anayetaka bei kubwa kwa ajili ya saini, aulizwe kwanza ameitoa wapi.

Kutunza hakuna gharama. Karatasi hii hafifu inageuka njano kwa jua, inaoza kwa unyevu, na mchwa wanaipenda kuliko sisi. Vijitabu vilale ndani ya kantini kavu, juu ya matofali, mbali na ukuta unaovuja. Msibandike skochi mahali palipopasuka: gundi yake inaacha doa la kahawia lisilotoka.

Na mpeni kijana kaye moja. Aandike jina la kitabu, nani aliyetia saini, mahali gani na siku gani. Aanze jioni hii, wakati angali anakumbuka.